Mashine ya Kusaga Mafaili

Msomaji mmoja mwenye steshenari Vingunguti, upande wa kwenda machinjioni, ameniletea swali lenye hasira, na ndiyo maana nimelipenda. "Dada, kompyuta imejaa. Mteja anakuja na flashi, nampakulia CV, ananiambia nisevu hapa na pale isije ikapotea, anaondoka. Msimu wa mikopo ya HESLB ndio usiseme. Sasa nina 'CV mpya', 'CV mpya kabisa', 'CV ya mwisho' na 'CV ya mwisho 2', na nikizifungua naona ni kitu kile kile. Hakuna programu ya kufuta marudio yenyewe, nisikae nafungua moja moja?"

Zipo. dupeGuru ni mojawapo, Czkawka ni nyingine. Zote ni za bure na zinafanya kazi kwenye Windows. Ukitaka pia mafaili yajipange, PDF huku, picha kule, kila mwezi na folda yake, mtafute kijana anayejua Python akuandikie mistari michache, kisha iwekwe kwenye ratiba ya Windows ijiendeshe kila usiku ukishafunga duka. Hapo sina la kuongeza. Kompyuta inasoma herufi za mwisho za jina la faili na kulihamisha, basi.

Kinachoninyima usingizi ni swali lililojificha ndani ya swali lake. Kompyuta inajuaje kwamba 'CV mpya' na 'CV ya mwisho 2' ni kitu kimoja? Majina hayafanani, tarehe hazifanani, na maana ya yaliyoandikwa humo haiijui. Kulinganisha kila faili na kila faili nako ni balaa: mafaili 10,000 yanatoa jozi karibu milioni 50.

Haiyalinganishi. Inayasaga.

Kwa kuwa tuko Vingunguti, twende buchani. Chukua mashine ya kusagia nyama, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ingiza ng'ombe mzima, na chini kitoke kikombe kimoja cha nyama ya kusaga. Ingiza mbuzi: kikombe kimoja, ujazo ule ule. Ingiza kichwa cha kuku: kikombe kimoja. Ng'ombe yule yule ukimsaga mara mia, kikombe kinatoka vile vile, chembe kwa chembe. Na kikishatoka, hakuna fundi wa kumrudisha ng'ombe zizini. Sasa huna haja ya kupanga ng'ombe wawili wawili na kuwakagua kwato kwa kwato. Unapanga vikombe mezani, na vinavyofanana vimetoka kwa mnyama mmoja.

Mashine inayotumika zaidi siku hizi inaitwa SHA-256. Ilibuniwa na NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, na ikatangazwa mwaka 2001. Kikombe chake ni biti 256, ambazo tukiziandika zinakuwa tarakimu na herufi 64, iwe faili ni barua ya mstari mmoja au filamu ya saa tatu.

Fungua mfuniko uone ndani. Faili linakatwakatwa kwanza kuwa vipande vya baiti 64. Chini kuna masufuria manane, na hayaanzi matupu. Kila moja lina namba, na namba hizo zimetoka kwenye vipeuo vya pili vya namba tasa nane za kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19, zikachukuliwa tarakimu za baada ya nukta. Kwa nini huko? Kwa sababu kipeuo cha pili cha 7 hakina mwenyewe. Mbunifu angechagua namba kichwani mwake, dunia ingeuliza ameficha nini.

Kisha kipande cha kwanza kinaingia na mpini unazungushwa mara 64. Kila mzunguko, kila sufuria linamwagwa kwenye sufuria linalofuata, isipokuwa mawili yanapata mchanganyiko mpya: nyama kidogo ya kipande kile, vilivyokuwemo kwenye masufuria mengine, na kiungo. Kiungo cha mzunguko mmoja si cha mwingine. Vipo 64, na vyote vimetoka kwenye vipeuo vya tatu vya namba tasa 64 za kwanza. Mizunguko ikiisha, kilichopatikana kinajumlishwa na kilichokuwemo mwanzo, na kipande cha pili kinaingia juu ya hicho hicho. Kwa hiyo ladha ya kipande cha kwanza imo hadi kwenye kikombe cha mwisho. CV ya kilobaiti 200 ina vipande zaidi ya 3,200, yaani mizunguko zaidi ya 200,000, na kompyuta ya steshenari inaimaliza kabla kidole hakijainuka kwenye kitufe.

Buchani hapatoshi kueleza linalofuata. Ng'ombe akipungukiwa unywele mmoja, nyama yake ni ile ile. SHA-256 haisamehi. Faili lenye herufi moja tu, a ndogo, linatoa kikombe kinachoanza na ca978112. Faili lenye c ndogo linatoa 2e7d2c03. Ndani ya kompyuta, a na c zinatofautiana kwa biti moja, sifuri iliyogeuka kuwa moja. Biti moja, na hakuna tena hata dalili kwamba hawa walikuwa ndugu. Faili tupu kabisa lisilo na kitu nalo lina kikombe chake, e3b0c442 na kuendelea, na ni hicho hicho ukiwa Vingunguti, Muscat au Chicago.

Tukiite nini hicho kikombe? Wengine wanasema "alama ya kidole" ya faili, nami naikataa, maana alama ya kidole mtu huzaliwa nayo, hii inapikwa. "Muhtasari" haufai kabisa. Muhtasari unasomeka na kueleweka. Nilikuwa nimependa "kisago", ila watangazaji wa mpira wameshakichukua timu ikifungwa mabao matano. Nabaki na msago, wingi misago. Mwenye neno bora alete.

Wazo lenyewe la kusaga data ili ipatikane haraka ni la zamani kuliko steshenari zote za Vingunguti. Hans Peter Luhn wa IBM aliliandika Januari 1953, naye alikuwa ametokea kwenye biashara ya nguo. Huyo ndiye mwenye kanuni inayotengeneza tarakimu ya 15 ya IMEI ya simu yako, ile namba ambayo Watanzania wengi waliifahamu Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia.

Turudi dukani. Programu nzuri haisagi kila kitu. Inaangalia ukubwa kwanza: mafaili yasiyolingana ukubwa hayawezi kuwa nakala, yanaachwa. Yanayolingana ndiyo yanaingia mashineni. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua dirisha la amri la Windows, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili ndani ya alama za kunukuu, kisha SHA256. Fanya hivyo kwa 'CV mpya' na 'CV ya mwisho 2'. Misago ikilingana, moja iende.

Je, mafaili mawili tofauti yanaweza kupata msago mmoja? Misago inayowezekana ni idadi yenye tarakimu 78, kwa hiyo lala salama. Mashine kuukuu ndizo zimeshavunjwa, MD5 mwaka 2004 na SHA-1 mwaka 2017. Ukipewa uchaguzi kwenye programu, ziache. CV iliyobadilishwa namba ya simu tu itapata msago mwingine, na picha iliyopitia WhatsApp pia, kwa kuwa WhatsApp huipunguza. Hizo utazikagua mwenyewe. Na mara ya kwanza usiruhusu programu ifute moja kwa moja. Ipeleke marudio kwenye Recycle Bin, uyatazame, ndipo umwage.

Kuna jambo moja ambalo msago hauwezi kukuamulia. Humo kwenye kompyuta, katikati ya CV, najua kuna picha za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na steshenari haikusamehewa. Mteja akishachukua karatasi yake na kulipa, kitambulisho chake hakina kazi tena kwenye kompyuta yako, hata kama ni nakala moja tu. Anza kwa kufuta vitambulisho hivyo.