PAMPU YA PETROLI ILIYO NDANI YA TANGI
Namna ya kuishughulikia nyumbani bila kuunguza nyumba



Siku hizi si ajabu kumkuta mfanyakazi wa kiwanda cha sukari au mchuma chai ana fungu lake katika gari dogo. Mara nyingi gari lenyewe ni la watu watano au sita waliochangishana. Hupeleka wagonjwa hospitali, huenda msibani, na mwisho wa juma hubeba abiria ili kurudisha fedha za watu. Gari hilo likizima njiani, na fundi wa mjini akasema pampu imekufa, fedha anazotaja zaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Kumbe mara nyingi pampu haijafa. Chujio ndilo limeziba.

Magari ya zamani kama Peugeot 504 ya kabureta yalikuwa na pampu ya kusukumwa na injini yenyewe. Ilikaa kando ya injini na kuvuta petroli kutoka mbali. Jua likiwa kali petroli iligeuka mvuke ndani ya bomba na gari likagoma. Katika magari ya sasa pampu ni ya umeme, nayo imezamishwa ndani ya tangi. Haivuti kutoka mbali, inasukuma. Toyota Corolla ya NZE121, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 2000 na ambayo imejaa katika barabara zetu, inahitaji msukumo wa baa 3 na kitu hivi. Ukipungua, injini inakosa nguvu.

Wengine huuliza: umeme ndani ya petroli, mbona hailipuki? Moto unataka petroli na hewa kwa kipimo chake. Ndani ya tangi lililofungwa mvuke wa petroli ni mwingi mno na hewa ni haba, basi hakuna moto. Hatari inaanza pale unapolifungua. Ndiyo sababu pia tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa: limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa. Asikudanganye mtu kwamba tangi lililokauka linaweza kuchomelewa bila shida. Wachomeleaji wamekufa kwa neno hilo.

Petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza pampu. Hapa ndipo mshahara mdogo unapoingia. Mtu anatia lita mbili leo, lita mbili kesho, taa ya mafuta inawaka juma zima. Pampu inafanya kazi ikiwa haikuzama vizuri, inapata joto, inachakaa mapema. Tena uchafu wote wa tangi huwa chini. Mwenye tangi nusu siku zote ananunua pampu mara chache kuliko mwenye kutia kidogo kidogo, ingawa mwisho wa mwezi wote wawili wamechoma petroli ile ile. Ikiwa gari ni la ushirika, afadhali mkubaliane lisishuke chini ya robo.

Dalili za chujio kuziba ni hizi: gari linakawia kuwaka asubuhi, kwenye tambarare linakwenda, lakini kwenye kilima, kama vile vya upande wa Fort Portal, linachoka na kushtukashtuka. Pampu iliyokufa kabisa haikupi hata hivyo, gari haliwaki. Lakini kabla ya kuihukumu tazama fyuzi na rilei, maana hivyo ni vya bei ndogo. Magari mengi hutoa mlio mdogo nyuma kwa sekunde moja au mbili ukifungua ufunguo. Toyota nyingine hazilii mpaka stata izunguke, kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi.

Sasa tuje kwenye kazi. Ifanyeni nje, mchana, mahali pa wazi na tambarare. Msifanye ndani ya banda wala juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unatambaa chini na kukusanyika shimoni, kisha unafuata upepo hadi kwenye sigiri ya jirani anayepika. Hakikisheni hakuna jiko, sigara wala kibatari karibu, na watoto wapelekwe mbali. Wekeni mtungi wa unga wa kuzimia moto, au debe la mchanga mkavu. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kuondoka na moto wake. Tangi liwe chini ya nusu, injini iwe imepoa, na anayefungua avae miwani.

Inua kiti cha nyuma. Katika Corolla na magari mengi ya namna yake utakuta mfuniko wa bati sakafuni, umegandishwa kwa gundi nyeusi. Uondoe taratibu, uone plagi ya umeme na mabomba. Msukumo uliomo bombani ni lazima utolewe kwanza. Chomoa plagi ya pampu, washa injini, iache inguruke mpaka izime yenyewe, kisha piga stata tena kwa sekunde chache. Zima ufunguo. Hapo ndipo unapofungua waya wa hasi wa betri. Nimeona watu wakianza na betri, halafu wanajiuliza watawashaje injini.

Kabla ya kufungua chochote, safisha vumbi lote lililo juu ya tangi kwa brashi na kitambaa chenye unyevu. Vumbi letu jekundu likiingia ndani, umefanya kazi ya kujiharibia. Funika kiungo cha bomba kwa kitambaa, kisha fungua kibano chake polepole. Plastiki ya gari la miaka 20 imekauka kama biskuti, kwa hiyo usitumie nguvu. Weka alama mahali pampu inapoelekea. Magari mengine yameifunga kwa bolti ndogo, mengine kwa pete kubwa ya plastiki. Pete hiyo igongwe kwa kipande cha mti, si kwa tindo la chuma litoalo cheche. Toa pampu kwa kuilaza upande, maana ina mkono mrefu wenye boya la kupimia mafuta. Ukiupinda, geji itakudanganya siku zote. Tundu la tangi lifunikwe mara moja kwa kitambaa safi cha pamba.

Utaona vichujio viwili. Cha chini ni kama soksi, nacho huzuia taka kubwa. Soksi ikiwa na tope tu inaweza kusuuzwa katika petroli safi. Ikiwa imekakamaa au imetoboka, nunua nyingine. Usikubali ushauri wa kuitoa kabisa ili petroli ipite vizuri. Itapita, pamoja na mchanga, na pampu itasagika. Chujio kikubwa ni cha karatasi ndani ya kopo la plastiki. Hicho hakioshwi, hubadilishwa. Katika NZE121 kimeunganishwa na pampu humo humo tangini. Katika magari mengine ni kopo la chuma chini ya gari au karibu na injini. Badilisha pia mipira midogo ya kuzuia kuvuja, uilowanishe kwa petroli kabla ya kuitia. Usiijaribu pampu kwa kuiunga na betri hapo kando ya tangi lililo wazi. Cheche moja inatosha.

Mimina petroli iliyobaki ndani ya pampu katika chupa ya kioo, uiache itulie. Maji yakiwamo yatakaa chini, na utaona mpaka wake. Hiyo ni habari ya mahali mnaponunua petroli, au ya jerikani mnayotumia. Ukikuta kutu nyingi chini ya tangi, hapo acha. Tangi lishushwe na fundi.

Neno moja juu ya mikono. Katika gereji nyingi za mashamba vijana wanaosha mikono na vipuri kwa petroli kwa sababu bosi hanunui sabuni. Petroli ina benzini, na benzini inaleta saratani ya damu. Kwa ajili hiyo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 136 mwaka 1971, unaosema kwamba palipo na kitu kisicho na madhara au chenye madhara kidogo, kitumike hicho badala ya benzini au bidhaa zenye benzini. Mwakilishi wenu anaweza kuutaja mkataba huo mbele ya meneja anapodai sabuni na glavu. Wala msivute petroli kwa mdomo kwa mpira. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali. Iliyoingia machoni ioshwe kwa maji safi kwa dakika 15.

Kurudisha ni kwa mpango ule ule kinyume chake. Bolti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, bila kuzilazimisha. Unga bomba mpaka usikie kibano kikilia, rudisha plagi, na betri iwe ya mwisho. Fungua ufunguo mara tatu au nne, kisha washa injini, na utazame viungo kabla ya kufunika. Iache iunguruke dakika tano. Palipo na unyevu wowote, zima na urudie.

Mfuniko wa bati ugandishwe tena pande zote, kwa sababu ndio unaozuia mvuke usiingie walipo abiria. Asubuhi inayofuata fungua milango na kunusa kabla ya kugusa ufunguo. Ikinuka petroli, usiwashe. Inua kiti.