Mapatro watatu, fundi mumoja: kodi ni ya nani?

Tukamate mufano ya fundi wa kuunga vyuma ku Kolwezi. Siku ya kwanza na ya pili anatumika kwa sous-traitant moja wa mine. Siku ya tatu na ya ine anaenda kwa mwingine, na mashini yake mwenyewe. Siku ya posho anatengeneza milango ya chuma kwa mwenye depo. Mwisho wa mwezi, wa kwanza anamukata 15% na kusema «ni ya Leta». Wa pili anaomba fakture yenye NIF. Wa tatu anamupa makuta mu mukono, karatasi hakuna. Bibi yake anauliza: sasa mbele ya DGI, sisi tuko nani?

Baba zetu hawakuwa na ile swali. Mu Gécamines mutu alikuwa na patro moja, matricule moja, hospitali moja, na kodi ilikatwa mbele makuta ifike ku nyumba. Kisha, mu 2003 na 2004, watumishi kupita 10.000 walitoka mu ile iliitwa «départs volontaires». Leo kazi mingi ya mine inapita kwa sous-traitance, na watoto wa wale wazee wanatafuta siku kwa huyu, siku kwa yule.

Sheria haihesabu mapatro. Inaangalia namna unatumika. Code du travail ya 2002 inasema hivi: kama unatumika kwa malipo, chini ya uongozi na mamlaka ya mwengine, uko mutumishi, hata kama ku karatasi waliandika «prestataire». Hapo patro njo anapashwa kukata kodi ya mushahara na kuipeleka kwa DGI. Njo yeye pia anakata 5% ya CNSS ku mushahara, na anaongeza 13% ya mufuko yake.

Kwa journalier kuko kipimo ingine. Article 40 inasema ukimaliza siku 22 mu miezi mbili, na patro akikukamata tena mbele ile miezi iishe, kazi inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Lakini kila patro iko na hesabu yake. Siku mbili kwa juma ni karibu 17 tu mu miezi mbili, na fundi wetu hafike, hata kama yeye hapumuzike. (Kuko mapatro wanaojua ile hesabu muzuri kuliko watumishi wao.)

Kwa yule wa pili, mambo ni ingine. Fundi analeta mashini yake, anataja bei, anapanga saa yake: pale iko patro wa nafsi yake. Sheria ya OHADA, yenye inatumika mu Congo tangu 2012, ilifungua njia ya «entreprenant»: unajitangaza tu, hauandikishwe kama mufanya biashara mukubwa, lakini unapashwa kuandika mu buku, kila siku, makuta inayoingia na inayotoka. Na sheria ya kodi ya 2013 juu ya biashara ndogo iliweka 2% kwa wenye kutoa service, kama kwa mwaka wanaingiza kupita milioni 10 za franka mpaka milioni 80. Mbele ya kulipa, uliza ku DGI kipimo ya mwaka huu.

Hapa njo wengi wanaanguka: ile milioni inahesabiwa pamoja. Kila kliya anaona fakture yake tu, na kwake iko kidogo. DGI inajumlisha zote.

Basi mutu moja anaweza kuwa mutumishi kwa huyu na prestataire kwa yule, mu juma moja. Yule wa 15% anakata kodi ya mutumishi wa siku; kwa hiyo muulize CNSS iko wapi, na uombe karatasi ya ile alikata. Bila karatasi, ile makuta inaweza kuhesabiwa tena kama mapato ya biashara yako, na utalipa mara mbili. Kwa wa pili, chunga kopi ya kila fakture. Mwenye depo naye asaini, hata ku kipande cha karatasi.

Buku yenyewe bibi anaweza kuichunga. Njo yeye anajua makuta ya kila fasi ilifika siku gani, na ile ingali deni.