Mwanga wa Kwasari na Gesi Iliyo Njiani: Jinsi Ufyonzaji Unavyobadilika Enzi kwa Enzi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la elimu ya nyota, nalo ni jinsi gesi iliyotapakaa baina ya galaksi inavyofyonza mwanga wa kwasari, na jinsi ufyonzaji huo unavyotofautiana toka enzi moja ya ulimwengu hadi nyingine. Huenda msomaji akauliza somo hili lafuata nini katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba husemwa mara kwa mara kuwa Kiswahili hakina uwezo wa kueleza sayansi ya juu. Dai hilo halithibitiki wala halikanushiki kwa mabishano. Hupimwa kwa kulieleza jambo lenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na kuangalia wapi maneno yatosha na wapi yapotosha. Nitajaribu kuonyesha kuwa hatari iliyopo haimo sana katika uhaba wa istilahi. Imo katika istilahi zionekanazo nyepesi, hasa neno "ufyonzaji" lenyewe.

1. Kwasari na spektra yake

Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo gesi, ikitumbukia kuelekea shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya jua letu, hupata joto kali mno na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, aliyetumia darubini ya Palomar huko California, alitambua kwamba mistari iliyowatatiza wataalamu katika spektra ya kwasari iitwayo 3C 273 ilikuwa mistari ya kawaida ya haidrojeni, ila imesogezwa kwa takriban asilimia 16 ya urefu wake wa asili.

Sababu ya kusogea huko ni kutanuka kwa ulimwengu. Mwanga ukiwa safarini hutanuka pamoja na anga unamopita, na mawimbi yake huwa marefu zaidi. Tukigawa ongezeko la urefu wa wimbi kwa urefu wake wa asili, twapata kipimo ambacho hapa nitakiita msogeo wa wekunduni. Nimeteua umbo lenye kiambishi "-ni" kwa makusudi, kwani hudokeza mwelekeo. Mwanga haulazimiki kuwa mwekundu. Husogea tu kuelekea upande wa wekundu. Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa nanomita 121.6, mathalani, ukisogea kwa kipimo cha 3 hufika kwetu ukiwa na nanomita 486.4, yaani ukiwa wa samawati. Mtu aliyefundishwa kuwa mwanga huo "umekuwa mwekundu" atakuwa amefundishwa uongo.

Kipimo hicho ni kalenda pia. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Mwanga wenye msogeo wa 6 uliondoka chimbukoni ulimwengu ukiwa haujatimiza miaka bilioni moja. Wenye msogeo wa 3, ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 2 na kitu. Na wenye msogeo wa 1, ukiwa na karibu miaka bilioni 6.

2. Alama za safarini

Atomu ya haidrojeni iliyo kamili, yaani iliyo na elektroni yake, huunasa kwa wepesi mwanga wa nanomita 121.6. Mstari huo ni wa kwanza katika safu yenye jina la Theodore Lyman, aliyeanza kuichunguza mwaka 1906. Sasa na tufikirie mwanga uliotoka katika kwasari ukiwa na mawimbi mafupi kuliko hayo. Kadiri usafirivyo ndivyo urefukavyo, hata mahali fulani njiani wimbi fulani litimize nanomita 121.6 barabara. Pakiwapo haidrojeni kamili mahali hapo, wimbi hilo hunaswa. Wimbi jingine hutimiza urefu huo mbele zaidi, na jingine mbele zaidi tena. Kwa hiyo kila mahali palipo na gesi huacha alama yake peke yake: gesi iliyo kwenye msogeo wa 2 itaonekana kama mstari mweusi kwenye nanomita 364.8. Spektra ya kwasari moja huhifadhi habari za njia nzima.

Mwaka 1965 James Gunn na Bruce Peterson walitumia hoja hii kwa kwasari 3C 9, yenye msogeo wa 2.01. Lau haidrojeni kamili ingalikuwa imetapakaa kila mahali, walisema, mwanga wote wa upande mfupi wa mstari ungalitoweka. Lakini haukutoweka. Ama gesi hiyo ilikuwa chache mno, ama atomu zake zilikuwa zimepokonywa elektroni, na atomu isiyo na elektroni haiwezi kuunasa mstari huo. Jibu la pili ndilo lililothibitika baadaye.

Mwaka 1971 Roger Lynds alionyesha kuwa upande huo mfupi umejaa mistari mingi myembamba, na mwaka 1980 Wallace Sargent na wenzake wakatoa hoja thabiti kwamba mistari hiyo hutokana na gesi iliyo baina ya galaksi, wala si gesi itokayo katika kwasari yenyewe. Wingi huo wa mistari iliyosongamana ndio uitwao msitu wa Lyman.

3. Msitu unavyopungua

Msitu huu haulingani katika enzi zote. Kwenye msogeo wa 2, takriban asilimia 87 ya mwanga hupita salama. Kwenye msogeo wa 3 hupita asilimia 70 hivi. Kwenye 4, asilimia 40 na kitu. Na kwenye 5, asilimia 15 hivi. Mwaka 2001 Robert Becker na wenzake walichunguza kwasari yenye msogeo wa 6.28, wakakuta eneo ambamo mwanga haukuonekana kabisa. Hali iliyotabiriwa na Gunn na Peterson ilikuwa imepatikana, ila katika enzi ya kale zaidi.

Kutokana na mwenendo huo ilitarajiwa kuwa karibu na zama zetu mistari ingekuwa michache sana. Mwaka 1991 darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka uliotangulia, iliichunguza 3C 273 katika urujuanimno, na mistari ikaonekana mingi kuliko ilivyotarajiwa. Ni dhahiri kwamba kuanzia msogeo wa 1.5 hivi kushuka, kasi ya kupungua hulegea.

4. Sababu zake

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu aweza kudhani kuwa mistari ikipungua, gesi imepungua. Sivyo. Mambo mawili hushindana. Kwanza, ulimwengu ukitanuka gesi huwa nyembamba, na elektroni zilizopokonywa hukutana kwa nadra na viini vya atomu ili ziungane navyo tena; hivyo atomu kamili hupungua. Pili, kuna mwanga mkali wa kwasari na wa nyota changa, ambao huzipokonya atomu elektroni zao. Kwasari zilikuwa nyingi kabisa yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Tangu hapo zimepungua, na mwanga wao umefifia, kwa hiyo atomu zapata nafasi ya kuungana tena na elektroni. Jambo la pili hulizuia la kwanza, nao msitu hukoma kupungua kwa kasi.

Ifahamike kwamba katika gesi iliyotapakaa kwenye msogeo wa 3, atomu kamili ni chini ya moja kwa kila elfu kumi. Msitu mzima ni kazi ya sehemu hiyo ndogo. Na kwenye msogeo wa 6, atomu moja kamili kwa kila elfu kumi yatosha kuuzima mwanga wote. Kwa hiyo giza hilo peke yake halituambii kuwa gesi yote ilikuwa kamili.

Elementi nzito, kama vile kaboni na magnesi, zina habari yake. Hizo huundwa ndani ya nyota na kutawanywa baadaye. Katika mawingu mazito ya gesi yaliyo njiani, kiasi chake kwa kulinganisha na haidrojeni huongezeka kadiri ulimwengu unavyozeeka. Msitu wa haidrojeni hupungua huku elementi nzito zikizidi, na aonaye mstari mweusi kuwa kipimo cha wingi wa gesi tu hawezi kuyapatanisha hayo mawili.

5. Juu ya neno "ufyonzaji"

Katika matumizi ya kawaida, kinachofyonzwa hubaki ndani ya kilichokifyonza: nyuki hufyonza ute wa ua, kitambaa hufyonza maji. Kitambaa kikubwa, vilevile, hufyonza maji mengi. Fikra zote mbili hupotosha hapa. Atomu ya haidrojeni iliyounasa mwanga huuachilia karibu papo hapo, ila kuelekea upande wowote. Mwanga hutupotea kwa kuwa umeiacha njia ya kutujia. Na ukubwa wa ufyonzaji hufuata hali ya gesi kabla ya kufuata wingi wake.

Sipendekezi neno hili litupwe. "Unasaji" lingeeleza vyema zaidi tendo la atomu, lakini halielezi kuachiliwa. "Utawanyaji" laeleza kuachiliwa, lakini halidokezi mstari mweusi uonekanao. "Ufyonzaji" na libaki, mradi maelezo haya yaandamane nalo.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kimetosha kuifikisha hoja hii mwisho wake. Pale kilipoelekea kupotosha, kosa halikuwa la lugha. Lilikuwa la kudhani kuwa neno likishapatikana kazi imekwisha. Orodha za istilahi hutungwa aghalabu neno kwa neno, kila moja mkabala na neno la kigeni. Kwa maoni yangu, istilahi yoyote ya sayansi yapasa ijaribiwe kwanza ndani ya maelezo kamili, mwalimu wa lugha na mwalimu wa fizikia wakiwa wameketi meza moja, ndipo ipewe nafasi katika orodha. Bila ya hivyo tutawapa wanafunzi wetu maneno mengi, na kila neno litakuja na kosa lake.