Taswira Zinazokera: Chujio Awe Nalo Msomaji

Mwalimu, bila shaka umewahi kufika kwenye ukurasa usijue uusome kwa sauti au uuruke. Aghalabu sisi huuruka. Wapo hata wanaoubandika karatasi. Huo ni udhibiti, ijapokuwa haukutangazwa na wizara yoyote.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hii ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyosawiri mapenzi waziwazi, na baadaye ikaruhusiwa kufundishwa. Kinaya ni kwamba maudhui yake ni hayo hayo ya marufuku. Zakaria anamchunga bintiye kwa kipigo. Rosa anapokuwa mbali na macho ya baba, hana kipimo chake mwenyewe cha kuchagua. Waliowaficha wanafunzi kitabu hicho walikuwa akina Zakaria.

Hata hivyo, kutodhibiti si kumlazimisha kila mtu atazame. Katika "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba, Sara, msichana wa shule, anabakwa na kupata mimba. Katika darasa lako huenda yupo aliyefikwa na mkasa kama huo, na wewe hujui. Kumsimamisha asome sehemu hiyo mbele ya wenzake ni ukatili. Kuiondoa nako kunaivunja hadithi, kwani hofu ya Sara kuhusu wazazi na shule haieleweki pasipo tendo hilo.

Basi wape taarifa siku moja kabla: tendo lenyewe na ukurasa wake. Wasome kimya. Anayetaka kuruka aruke bila kuomba ruhusa, maana akiomba atakuwa amejitaja. Kisha wape wote, si walioruka pekee, muhtasari wa sentensi mbili: nani alitendewa nini, na kulitokea nini. Huo utawatosha kwa swali la maudhui katika Karatasi ya Tatu. Dondoo likitoka papo hapo, aliyeruka atapungukiwa. Mweleze hilo mapema ili achague akijua.

Lugha ya taarifa nayo iangaliwe. Ukisema "kuna sehemu chafu", umekwisha kuhukumu kazi ya mwandishi kabla haijasomwa, na kwa msichana yule umesema yaliyompata ni uchafu. Sema "kuna ubakaji, ukurasa fulani", unyamaze.