Pumzi ya Eldoret kwenye theluji

Kama umewahi kupanda Mlima Kenya, unaijua ile alfajiri ya Lenana: mita 4,985, vidole vimekufa ganzi, na ukirudi mtaani unawaambia mabeste kwamba baridi huiogopi tena. Sawa. Sasa mfikirie Philip Boit.

Alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati kutoka Eldoret. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza ski, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Pumzi alikuwa nayo, tena ya kugawia wengine. Kazi ilikuwa miguuni. Ukikimbia, unaikanyaga ardhi nayo inakusukuma mbele. Kwenye ski unasukuma, halafu unatulia juu ya mguu mmoja huku unateleza. Huo usawa wapinzani wake waliuanza wakiwa watoto.

Nagano, Japani, 1998. Kilomita 10, na mvua juu yake. Theluji ikawa inagandamana chini ya ski zake. Alimaliza wa 92, mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja pale pale akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Wengi hadithi huikatia hapo. Lakini jamaa alirudi Olimpiki 2002, akarudi tena 2006. Na nyumbani, kusiko na theluji, alijifua barabarani kwa ski za magurudumu.