Baraza Nje ya Shule ya Zamani



Huko Bagamoyo liko jengo kubwa la ghorofa lililojengwa na mfanyabiashara Sewa Haji Paroo mwishoni mwa karne ya 19. Alilitoa liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Alifariki mwaka 1897. Baadaye jengo hilo likawa Shule ya Msingi Mwambao.

Sharti lile halikutaja ngazi. Mzee wa mkongojo, au kijana wa kiti cha magurudumu, atapandaje ghorofani? Darasa likikutana juu, yeye hubaki chini akisikia sauti tu. Ni heri kukutana nje. Watu wa pwani tunalijua jambo hili tangu zamani: baraza ya mawe na kivuli cha mwembe.

Anzeni na njia. Mchanga mlaini humeza magurudumu. Shindilieni udongo na changarawe, upana wa mita moja na nusu. Penye kiinuko wekeni mteremko. Kipimo chake ni hiki: kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za kwenda mbele. Kiinuko cha sentimita 30 kitataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Hapa mafundi wengi hufupisha ili kuokoa mawe. Mteremko wa namna hiyo humrudisha mtu kinyumenyume!

Kimo cha baraza kiwe kama sentimita 45, maana ikiwa chini sana mzee hapati kuinuka. Acheni nafasi katikati, mwenye kiti cha magurudumu akae na wenziwe, si pembeni kama mgeni.

Sasa ukuta. Kuta za zamani za pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu huingia na kutoka. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na jiwe humomonyoka. Kwa hiyo baraza na mteremko visishikane na ukuta, na maji ya mvua yasielekee kwenye msingi. Mwembe mpya nao upandwe mbali; mizizi haijui historia.

Majengo ya kihistoria yanalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Basi kabla ya kupiga jembe, nendeni kwa wahusika wa Mambo ya Kale mkiwa na mchoro wenu. Katika wajumbe awemo mtu wa mkongojo au wa kiti cha magurudumu. Huyo ndiye ataujaribu mteremko kwanza, kabla fundi hajalipwa.