Kichujio cha mwanga katika mawasiliano ya leza chini ya maji

Kichujio cha mwanga katika mawasiliano ya leza chini ya maji ni kioo chembamba, au kifaa kingine, kinachowekwa mbele ya kihisi cha kupokelea ili rangi ya leza inayobeba ujumbe ipite na mwanga mwingine uzuiwe. Adui mkubwa ni jua. Wakati wa mchana, karibu na uso wa maji, kihisi kisicho na kichujio huzidiwa na mwanga wa jua hata kisiweze kutambua mipigo ya leza.

Mawasiliano haya ni tofauti na yale ya mikongo ya baharini kama SEACOM, uliofika Dar es Salaam mwaka 2009. Ndani ya mkongo mwanga husafiri katika nyuzi za kioo na haugusi maji. Hapa leza hupita katika maji yenyewe, kwa mfano kutoka kifaa cha uchunguzi kilichopo sakafuni mwa bahari hadi roboti inayopita juu yake. Mawimbi ya redio hufifia upesi mno katika maji ya chumvi. Sauti hufika mbali, lakini huenda kwa takriban mita 1,500 tu kwa sekunde na hubeba data kidogo.

Maji huchuja kwanza

Kabla ya mhandisi kuweka kichujio chake, maji yamekwisha kuchuja. Rangi nyekundu humezwa katika mita chache za kwanza. Katika bahari safi rangi ya buluu, karibu na nanomita 450 hadi 480, ndiyo inayofika mbali zaidi. Karibu na pwani, penye mimea midogo na matope, nafasi hiyo huhamia kwenye kijani.

Kwa viwango vinavyotumika sana katika hesabu za fani hii, baada ya mita 10 hubaki takriban asilimia 22 ya mwali katika bahari safi, na asilimia 2 katika maji ya pwani. Katika maji machafu ya bandari hubaki chini ya sehemu moja kati ya bilioni. Hakuna kichujio kinachoweza kurudisha mwanga uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kupunguza kelele tu.

Muundo

Aina ya kawaida hutengenezwa kwa kupaka juu ya kioo matabaka mengi membamba ya vitu viwili kwa zamu, kama oksidi ya titani na silika. Unene wa matabaka yaliyo mengi ni robo ya urefu wa wimbi ndani ya kitu husika. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532, tabaka la silika huwa na nanomita 91 hivi. Mawimbi yanayorudishwa na matabaka huimarishana au kufutana, na rangi moja tu huachiwa njia.

Ugumu mkubwa upo kwenye pembe. Mwanga ukiingia kwa mshazari, rangi inayopita husogea upande wa buluu. Katika kichujio chenye kipeo cha wastani cha kupinda mwanga cha 1.8, pembe ya nyuzi 20 huisogeza nanomita 532 hadi karibu 522. Kichujio kinachopitisha upana wa nanomita 5 tu kitakuwa kimeizuia leza yenyewe. Na chini ya maji mwanga hutawanywa na chembechembe, hivyo hufika kutoka pembe nyingi. Mtengenezaji hulazimika kuchagua: kichujio chembamba kinachozuia jua vizuri lakini kinataka leza ielekezwe sawasawa, au kipana kinachosamehe pembe lakini huruhusu jua zaidi.

Njia nyingine ni kutumia mvuke wa atomi, kama sezi, unaopokea mwanga wa karibu nanomita 455 au 459 pekee. Upana wake ni mdogo sana, na pembe haisumbui. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifadhili utafiti wa aina hii katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kuwasiliana na nyambizi.

Ziwa Viktoria

Leza ya buluu iliyobuniwa kwa bahari ya wazi haifai Ziwa Viktoria. Mto Simiyu, ulioupa jina mkoa ilimo kata ya Mwamapalala, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke pamoja na udongo na mbolea za asili zinazokuza mwani. Uangavu wa ziwa umepungua sana tangu vipimo vya miaka ya 1920. Mwani na mabaki ya mimea humeza buluu, na mwanga unaobaki kina kikiongezeka huwa wa njano hadi nyekundu.

Samaki wameonyesha jambo hilo. Katika Ghuba ya Mwanza, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu-kijivu, huishi maji ya juu. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985 na ambaye dume lake ni jekundu, huishi chini kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba macho ya spishi hizo yamezoea rangi tofauti, na kwamba pale maji yalipo machafu mno tofauti kati yao hufifia. Mhandisi anayetaka kupeleka leza katika ghuba hiyo angeanza na kijani kinachoelekea njano, kisha angechagua kichujio kulingana na leza hiyo baada ya kupima maji ya mahali na msimu husika.